Sir T. S. Venkataraman: Aliyeasisi Mbegu Bora za Miwa

Mkulima hupanda muwa kwa pingili, lakini aina mpya huanzia kwenye mbegu ndogo za suke lake. Mbegu hizo zilikuwa kazi ya maisha ya Sir T. S. Venkataraman, mwanasayansi wa India aliyezaliwa mwaka 1884.

Miwa ya kaskazini mwa India ilikuwa myembamba yenye mavuno haba, na nchi iliagiza sukari kutoka Java. Katika kituo cha utafiti cha Coimbatore, kilichoanzishwa mwaka 1912, Venkataraman na Charles Barber waliuchavusha muwa mnene kwa chavua ya muwa-mwitu ulio mstahimilivu. Mwaka 1918 ilitolewa Co 205, chotara lao la kwanza la kibiashara. Venkataraman alimrithi Barber, akastaafu mwaka 1942 na kufariki dunia mwaka 1963.

Mbegu za Coimbatore zilipelekwa Natal, Afrika Kusini, zikaoteshwa na kuteuliwa. Humo ilipatikana NCo 376, iliyolimwa kwa miaka mingi Kilombero na Mtibwa.

Kwa wakulima wa ngano wa Mbulu na Hanang, funzo ni hilo hilo: mbegu bora hutanguliwa na miaka mingi ya uteuzi.