Mathew Brady: Bingwa wa picha za wakuu aliyekufa fukara

MNAMO Februari 27, 1860, wakili mmoja kutoka jimbo la Illinois, mrefu kupindukia na mwembamba kama ufito, aliingia katika studio ya picha jijini New York. Jioni hiyo alitarajiwa kuhutubu katika ukumbi wa Cooper Union, mbele ya watu waliokuwa wamesikia mengi kuhusu ubaya wa sura yake na machache kuhusu akili zake. Wakili huyo alikuwa Abraham Lincoln. Mwenye studio alikuwa Mathew Brady.

Brady alimtazama mgeni wake akatambua kazi iliyomkabili. Shingo ilikuwa ndefu mno, mashavu yamebonyea na suti haikumkaa vyema. Hakujaribu kuuficha urefu ule kwa kumketisha. Alimsimamisha wima, mkono mmoja juu ya vitabu na nguzo nyuma yake, kisha akaivuta kola ya shati juu ili shingo ionekane fupi. Baadaye mikunjo ya uso ililainishwa kwenye picha yenyewe. Aliyeonekana humo hakuwa tena kituko cha mashambani bali mtu wa kukabidhiwa nchi.

Hotuba ya jioni hiyo ilisifiwa mno, na wengi wakataka kumjua msemaji. Enzi hizo magazeti hayakuwa na uwezo wa kuchapisha picha ya kamera moja kwa moja, hivyo mafundi waliichonga upya kwenye vipande vya mbao ili ipigwe chapa. Sura ile ikaenea magazetini, kwenye mabango na hata kwenye beji za kampeni. Novemba mwaka huohuo Lincoln alichaguliwa rais. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikiri kuwa hotuba ile na picha ya Brady ndizo zilizomfikisha ikulu. Mwanasiasa wa leo asiyethubutu kubandika bango ukutani kabla ya kupita kwa mpigapicha anafuata njia iliyofyekwa siku hiyo.

Brady alizaliwa mwaka wa 1823 au karibu na hapo, mwana wa wahamiaji kutoka Ireland waliokuwa wakulima kaskazini mwa jimbo la New York. Akiwa kijana alikutana na mchoraji William Page, aliyemfunza kuchora na kuandamana naye hadi jijini. Huko alijuana na Samuel Morse, mvumbuzi wa telegrafu, ambaye alikuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kuleta kutoka Ufaransa ujuzi mpya wa dagerotipu. Brady alianza kwa kutengeneza vibweta vya kuhifadhia picha za wenzake. Mnamo 1844 akafungua studio yake kwenye barabara ya Broadway.

Kupigwa picha wakati huo hakukuwa jambo la kufumba na kufumbua. Bamba la shaba lililopakwa fedha lilisuguliwa hadi likang'aa kama kioo, likafukizwa kwa mvuke wa aidini, likatiwa ndani ya kamera, kisha sura ikafichuliwa kwa mvuke wa zebaki. Mteja alipaswa kutulia tuli kwa sekunde kadhaa chini ya mwanga ulioingia kupitia paa la vioo, huku kibano cha chuma kikimshikilia kisogo asije akatikisika. Ndiyo maana wahenga wengi katika picha za zama hizo wanaonekana kana kwamba wamenuna. Isitoshe, bamba lilitoa nakala moja tu. Likipotea, sura nayo imekwenda.

Katika hali hiyo, umahiri wa mpigapicha ulikuwa kumfanya mteja asahau kile chuma. Brady alijaliwa kipaji hicho. Alikuwa mtanashati, mcheshi, mwenye kujua jina la kila mtu na la mkewe. Sebule yake ilipambwa kwa mazulia, vioo na picha za watu mashuhuri, hata mfanyabiashara wa kawaida aliyekuja kupigwa picha alijihisi ameketi miongoni mwa maseneta. Bila shaka huo ulikuwa ujanja wa kibiashara. Hata hivyo, uliufanya uso wa mteja utulie, na uso uliotulia ndio Brady alioutaka.

Mwaka wa 1850 alichapisha mkusanyo wa picha za Wamarekani mashuhuri. Zilinuiwa ziwe 24, zikatoka 12, na biashara hiyo ikamtia hasara. Mwaka uliofuata alitunukiwa nishani kwenye Maonyesho Makuu ya London. Kuanzia John Quincy Adams hadi William McKinley, inasemekana ni rais mmoja tu wa Marekani ambaye studio zake hazikumpiga picha: William Henry Harrison, aliyefariki mwaka wa 1841 kabla ya Brady kufungua milango.

Lakini mtu huyu aliyeishi kwa kutazama nyuso za watu alikuwa na macho mabovu. Yalimsumbua tangu ujanani, na kadiri miaka ilivyosonga ndivyo miwani yake ilivyozidi kuwa minene. Kufikia miaka ya 1850, aghalabu waliosimama nyuma ya kamera walikuwa waajiriwa wake. Brady alimpokea mteja, akampanga mkao, akapima mwanga na kurekebisha koti. Mwingine ndiye aliyefunua lenzi. Hata hivyo, jina lililochapwa chini ya picha lilikuwa Brady, mtindo uliozoeleka katika studio nyingi za zama hizo.

Miongoni mwa waajiriwa hao alikuwa Alexander Gardner, Mskoti aliyejiunga naye mwaka wa 1856 akiwa mjuzi wa mbinu mpya ya kolodioni. Mbinu hiyo ilitumia bamba la kioo ambalo lingeweza kutoa nakala za karatasi bila kikomo. Gardner ndiye aliyesimamia studio iliyofunguliwa Washington mwaka wa 1858. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, vijana waliovalia sare mpya walimiminika studioni kupigwa picha ndogo za ukubwa wa kadi, wawaachie mama zao na wachumba wao. Wengi wao hawakurudi, na kadi hiyo ikawa ndiyo sura pekee iliyobaki nyumbani.

Brady angeweza kubaki studioni akihesabu fedha. Badala yake, Julai 1861 alipakia kamera na kemikali kwenye magari ya farasi akafuata jeshi hadi Bull Run, ambako majeshi ya serikali yalishindwa na yeye mwenyewe akarudi Washington akiwa hoi. Baada ya hapo aliajiri wapigapicha na kuwatawanya katika medani za vita, gharama zote zikiwa juu yake. Oktoba 1862 studio ya New York ilionyesha picha za maiti zilizopigwa na watu wake huko Antietam. Wapita njia wa Broadway, waliozoea kupandia mle ili kutazama nyuso za wakuu, sasa walitazama nyuso za wafu.

Aliyezipiga nyingi kati ya picha hizo alikuwa Gardner, ilhali umma ulizijua kama za Brady. Muda mfupi baadaye Gardner alijitoa na kufungua studio yake Washington mwaka wa 1863. Hakuna shaka kuwa alistahili jina lake liandikwe. Desturi iliyotosha kwa picha ya mteja aliyepangwa na Brady kwa mikono yake haikutosha kwa picha iliyopigwa katika uwanja wa vita ambako Brady hakukanyaga. Hata picha za Lincoln za Februari 9, 1864, ambazo mojawapo ilitumiwa kwa miongo mingi kwenye noti ya dola 5, zilipigwa na mwajiriwa, Anthony Berger.

Hata hivyo kuna milango ambayo jina la Brady pekee ndilo lingeifungua. Aprili 1865, siku chache baada ya Jenerali Robert E. Lee kusalimu amri, Brady alifika nyumbani kwake Richmond na kumwomba apigwe picha. Jenerali aliyeshindwa, ambaye hakuwa na sababu ya kumkaribisha mtu kutoka kaskazini, alivaa sare yake akatoka nje, akasimama mlangoni.

Vita vilipokwisha, hakuna aliyetaka kuviona tena. Brady alidai kuwa ametumia zaidi ya dola 100,000, akitumaini kwamba serikali ingezinunua picha zake. Serikali ilisita. Wadai walimwandama hadi akafilisika mapema katika miaka ya 1870, na maelfu ya mabamba yakauzwa kwa mnada kwa sababu ya kodi ya ghala isiyolipwa. Mwaka wa 1875 bunge lilimwidhinishia dola 25,000, fedha ambazo zilimezwa na madeni.

Mkewe, Julia, alifariki mwaka wa 1887. Hawakujaliwa watoto. Brady aliendelea kupiga picha Washington akisaidiwa na mpwa wa mkewe, Levin Handy, huku macho yakizidi kufifia. Katika miaka yake ya mwisho aligongwa na gari la farasi akavunjika mguu, na hakupata tena nguvu zake.

Alihamia New York kuandaa onyesho la picha zake za vita, ambazo zingemulikwa kwenye kitambaa katika ukumbi wa Carnegie mwishoni mwa Januari 1896. Aliaga dunia Januari 15, wiki mbili kabla ya onyesho hilo, katika wadi ya hospitali, bila mali. Alizikwa Washington, kando ya Julia.