Bwana wa Juja

Kila nipitapo Ruiru kwenda Thika, nifikapo Juja humkumbuka William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemiliki maelfu ya ekari pale. Mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, akawinda shambani mwake amepanda farasi. Vita vya 1914 vilipozuka McMillan akajiunga na jeshi la Waingereza, akawa kapteni. Farasi wa vita vile waliangamizwa na mbung'o kwa maelfu, yeye alisalimika. Alifariki mwaka 1925. Alitaka azikwe kileleni mwa Ol Donyo Sabuk, lakini safari ya jeneza ilikwama njiani, akazikwa ubavuni mwa mlima. Niliyaona makaburi yao: bwana, mkewe na mtumishi wao, sako kwa bako. Ama kweli dunia mapito.