Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo

Katika toleo hili la kumbukumbu ya hekalu letu tumeona inafaa kusimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa zama zetu, lakini ambaye jina lake hutajwa kila siku nchini. Mgonjwa akilazwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, ndugu zake huambiwa wamtafute Sewahaji, na wengi hudhani hilo ni jina la jengo tu. Sewa Haji alikuwa mtu, tena mfanyabiashara kama wengi wetu tulioko Buseresere na Katoro.

Alizaliwa mwaka 1851 katika ukoo wa Wakhoja Waismaili wenye asili ya Kutch. Baba yake, Haji Paroo, alikuwa na biashara Unguja na Bagamoyo. Wakati huo Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara. Misafara ilianzia hapo kuelekea Tabora, Ujiji na nchi za Ziwa, ikibeba nguo, shanga na nyaya za shaba, na kurudi na pembe za ndovu. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, mababu wa majirani zetu wa leo.

Sewa Haji aliingia katika kazi hiyo akiwa kijana. Henry Morton Stanley alipofika Bagamoyo mwaka 1871, akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, ndiye aliyemtafutia wapagazi. Alikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Stanley alimlalamikia sana kuhusu hesabu za malipo, na malalamiko hayo yamebaki kitabuni. Upande wa Sewa Haji haukuandikwa. Hata hivyo, wasafiri waliofuata waliendelea kumtegemea, na kwa miaka mingi ni misafara michache mikubwa iliyoondoka pwani bila mkono wake.

Si haki kumsifu mtu kwa kuficha nusu ya habari zake. Biashara ya misafara ilikuwa pia biashara ya bunduki na baruti, na ilipita katika njia zilezile walizopitishwa watumwa. Utajiri wa Bagamoyo, pamoja na wa Sewa Haji, ulitokana na mabega ya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Tunalokusudia kulikumbuka ni matumizi ya utajiri huo. Katika miaka ya 1890, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, Sewa Haji aliitoa nyumba yake ya ghorofa pale Bagamoyo iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wapokelewe bila kubaguliwa kwa asili yao. Katika zama ambazo kila jamii ilijifungia upande wake, sharti hilo lilikuwa zito kuliko nyumba yenyewe. Alitoa pia fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Hospitali ilikamilika mwaka 1897, mwaka uleule aliofariki dunia, akiwa na umri wa miaka 46. Katika wasia wake aliacha mali kwa ajili ya wagonjwa na maskini.

Kijana aliyepata kufanya kazi chini yake, Allidina Visram kutoka Kutch, aliiendeleza njia hiyo, akafungua maduka kutoka pwani hadi Uganda. Maduka ya aina hiyo ndiyo yaliyokuwa mwanzo wa miji mingi midogo ya bara.

Hospitali kongwe ya Sewa Haji ilitumika hadi ilipofunguliwa hospitali mpya ya Muhimbili mwaka 1956. Majengo ya zamani yalivunjwa, lakini jina likahamishiwa katika jengo jipya. Nyumba imekwenda, jina limebaki, kwa sababu kuna mtu aliyejali kuliandika upya.

Hapo ndipo penye somo kwa miji yetu. Huku Geita na Shinyanga, nyumba za zamani zenye mabaraza zinabomolewa mwaka hadi mwaka ili kupisha maghorofa, na wazee wanaojua nani alijenga nini wanapungua. Visima vilichimbwa na watu, njia zilikanyagwa na watu, lakini hakuna kibao kinachosema ni akina nani. Tunapendekeza kwa wanahekalu na majirani kwamba mwaka huu wa kumbukumbu tuanze daftari moja la majina: ya wenye maduka wa kwanza, ya mafundi na vibarua waliojenga, ya waliotoa ardhi. Daftari likishathibitishwa na wazee wa pande zote, liwekwe jiwe lenye maandishi ya Kiswahili mahali ambapo kila mpita njia anaweza kulisoma. Sewa Haji aliweka sharti kwamba mlango wa shule uwe wazi kwa wote. Jiwe letu nalo liwe hivyo, na majina ya waliobeba mizigo yaandikwe sawa na ya waliokuwa wenye mizigo.