Domenico Agusta

Domenico Agusta (Palermo, 28 Februari 1907 – Milano, 2 Februari 1971) alikuwa mwenye viwanda kutoka nchini Italia. Aliongoza kampuni ya ndege na helikopta ya Agusta kwa zaidi ya miaka 40 na alianzisha kampuni ya pikipiki ya MV Agusta. Kwa kuwa ukoo wake ulikuwa wa kikabaila, Waitalia walimwita Konte Domenico. Anakumbukwa hasa kwa timu yake ya mbio za pikipiki, na zaidi kwa pikipiki ya silinda tatu ambayo Giacomo Agostini aliitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa daraja la cc 500 mara saba mfululizo, kuanzia mwaka 1966 hadi 1972.

Maisha ya awali

Baba yake, Giovanni Agusta, alikuwa mmojawapo wa Waitalia wa kwanza kuunda ndege. Ya kwanza aliijenga mwaka uleule aliozaliwa Domenico. Mwaka 1923 Giovanni alianzisha kiwanda huko Cascina Costa, kijiji cha wilaya ya Samarate, kaskazini-magharibi mwa Milano. Alifariki mwaka 1927, na Domenico, akiwa na umri wa miaka 20 tu, akashika uongozi pamoja na mama yake Giuseppina. Wadogo zake Vincenzo, Mario na Corrado nao waliingia katika kampuni baadaye, lakini neno la mwisho lilibaki kwa Domenico.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Italia iliyoshindwa ilizuiwa kuunda ndege, na kiwanda kilibaki na mafundi stadi wasio na kazi. Domenico aliamua kuwapa kazi ya kutengeneza chombo ambacho watu wa kawaida wangeweza kukinunua. Mwaka 1945 ilianzishwa kampuni iliyoitwa Meccanica Verghera, yaani Ufundi wa Mitambo wa Verghera, kwa jina la kijiji jirani. Herufi MV zinatokana na jina hilo. Pikipiki ya kwanza ilikuwa na injini ya cc 98. Ilikusudiwa kuitwa Vespa, ila ikagunduliwa kwamba kampuni ya Piaggio imekwisha kusajili jina hilo.

Marufuku ya ndege ilipoondolewa, Domenico hakuacha pikipiki. Mwaka 1952 alipata leseni ya kuunda helikopta za kampuni ya Bell ya Marekani, na ya kwanza iliruka mwaka 1954. Biashara hiyo ndiyo iliyoleta fedha nyingi. Bila helikopta, ni vigumu kuona jinsi kampuni ndogo ya pikipiki ingeweza kugharimia timu ya mbio kwa miaka zaidi ya 25.

Timu ya mbio

Mwishoni mwa mwaka 1949 Domenico alimchukua mhandisi Piero Remor kutoka kampuni ya Gilera, na pamoja naye fundi Arturo Magni, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa timu. Mwaka 1950 pikipiki ya silinda nne ya cc 500 ilianza kushindana. Ubingwa wa kwanza wa dunia ulipatikana mwaka 1952 kwa Mwingereza Cecil Sandford katika daraja la cc 125, na katika madaraja madogo Carlo Ubbiali aliipatia MV mataji manane hadi mwaka 1960.

Mafanikio hayo yaligharimu maisha ya watu. Les Graham, Mwingereza aliyesaidia sana kuiboresha injini ya silinda nne, alikufa katika Kisiwa cha Man mwezi Juni 1953, siku moja baada ya kushinda mbio za cc 125 palepale. Mwaka 1955 Ray Amm, mzaliwa wa Salisbury (leo Harare, Zimbabwe), alikufa huko Imola katika mbio yake ya kwanza kwa MV.

Mwisho wa mwaka 1957 kampuni za Gilera, Mondial na Moto Guzzi zilijitoa katika mashindano kwa sababu ya gharama. MV ilikuwa imekubali kujitoa pamoja nao, lakini Domenico alibadili mawazo na kubaki. Kwa miaka kadhaa iliyofuata hapakuwa na mpinzani wa maana: John Surtees alitwaa mataji yote ya cc 350 na cc 500 kuanzia 1958 hadi 1960, na Gary Hocking, aliyekulia Rhodesia ya Kusini, aliyatwaa yote mawili mwaka 1961.

Domenico alikuwa tajiri mgumu. Waendeshaji wake wamesimulia jinsi walivyosubirishwa kwa saa nyingi nje ya ofisi yake, hata kama yeye ndiye aliyewaita. Aliamua mwenyewe nani akimbie, wapi na kwa pikipiki gani. Surtees alikatazwa kushiriki mbio zisizohesabiwa katika ubingwa, na jambo hilo lilichangia kumfanya ahamie mbio za magari, ambako alikuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1964. Tena, mabingwa hao wa madaraja makubwa wote walikuwa wageni, na baada yao alikuja Mwingereza mwingine, Mike Hailwood, aliyeshinda cc 500 kuanzia 1962 hadi 1965. Domenico alitaka pikipiki ya Kiitalia ishinde ikiendeshwa na Mwitalia.

Pikipiki ya silinda tatu

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Honda ya Japani ilitawala daraja la cc 350 kwa pikipiki ya Jim Redman, ambaye naye aliishi Rhodesia. Injini ya MV ya silinda nne ilikuwa nzito na pana, na muundo wake ulitokana na kazi ya Remor ya zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kiwanda cha Cascina Costa kiliunda injini mpya ya silinda tatu zilizopangwa sambamba, yenye valvu nne kwa kila silinda na giaboksi ya gia saba. Kwa kupunguza silinda moja, injini ilikuwa nyembamba na nyepesi, hivyo pikipiki ilikata hewa vizuri zaidi na kugeuka upesi kwenye kona. Ilizidiwa na zile za Honda kwa nguvu lakini si kwa wepesi.

Mwendeshaji alikuwa Giacomo Agostini, kijana wa miaka 22 kutoka kaskazini mwa Italia. Tarehe 25 Aprili 1965, huko Nürburgring nchini Ujerumani, pikipiki hiyo ilishindana kwa mara ya kwanza na Agostini akashinda. Ubingwa wa mwaka huo uliamuliwa katika mbio ya mwisho huko Suzuka, Japani, ambako hitilafu ndogo ya umeme ilimrudisha Agostini hadi nafasi ya tano, na taji likabaki kwa Redman.

Hailwood alihamia Honda mwaka 1966, na Honda ikaingia kwa mara ya kwanza katika daraja la cc 500. MV haikuwa na injini mpya ya daraja hilo. Suluhisho lilikuwa kuipanua ile ya cc 350 hatua kwa hatua, kila mara ikiongezewa ujazo kidogo, mpaka ikakaribia cc 500. Redman alishinda mbio mbili za kwanza, kisha akaanguka kwenye mvua huko Spa, Ubelgiji, na kuvunjika mkono. Ulikuwa mwisho wa kazi yake. Hailwood na Agostini walifika Monza mwezi Septemba taji likiwa bado halina mwenyewe. Injini ya Hailwood iliharibika, Agostini akashinda mbele ya Waitalia wenzake, na Domenico akapata alichokitafuta kwa miaka 15.

Msimu wa 1967 ndio ulioipima pikipiki hiyo kikamilifu. Honda ya Hailwood ilikuwa na nguvu zaidi lakini fremu yake iliyumba. MV ilikuwa tulivu. Katika Kisiwa cha Man wawili hao walifukuzana kwa mizunguko mingi hadi mnyororo wa Agostini ulipokatika. Huko Monza ilikuwa zamu ya Hailwood: alikuwa ameongoza kwa mbali, giaboksi ikamgomea karibu na mwisho. Kila mmoja alishinda mbio tano na pointi zao zililingana, hivyo Agostini alipewa taji kwa kuwa alikuwa na nafasi nyingi zaidi za pili.

Honda ilijitoa mapema mwaka 1968, na ushindani ukaisha. Mwaka huo Agostini alishinda mbio zote 17 za madaraja mawili. Mataji ya miaka iliyofuata ni halali, lakini hayana uzito sawa na yale ya 1966 na 1967, kwa kuwa wapinzani wengi walikuwa watu binafsi wenye pikipiki za zamani za silinda moja.

Domenico hakuwauzia wateja pikipiki hiyo. Pikipiki yake kubwa ya barabarani ya wakati huo ilikuwa ya silinda nne, cc 600, nzito na iliyoonekana kwa wengi kuwa na sura mbaya.

Kifo na baada yake

Domenico Agusta alifariki mjini Milano tarehe 2 Februari 1971 kwa ugonjwa wa moyo. Miezi miwili baadaye Angelo Bergamonti, mwenzake Agostini katika timu, alikufa katika mbio za barabarani huko Riccione. Corrado Agusta alishika uongozi, lakini mwaka 1973 shirika la serikali lilinunua sehemu kubwa ya kampuni, na wakuu wapya walijali helikopta. Injini ya silinda tatu ilishinda taji lake la mwisho na Agostini mwaka 1972 na nafasi yake ikachukuliwa na injini mpya ya silinda nne. Agostini alihamia Yamaha mwishoni mwa 1973. Timu ilifungwa baada ya 1976, ikiwa na mataji 38 ya waendeshaji na 37 ya watengenezaji.

Jina la MV Agusta lilinunuliwa na familia ya Castiglioni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilianza kuuza F3, pikipiki ya silinda tatu ya cc 675 ambayo krankshafti yake huzunguka kinyume na magurudumu. Mfaransa Jules Cluzel aliishindia huko Phillip Island, Australia, mwezi Februari 2014, ushindi wa kwanza wa MV katika mashindano ya dunia tangu 1976.