Bakhita, Sista wa Mlangoni



Wapendwa, kuna mgeni anayefika tukiwa tumepumzika na chakula kipo mezani. Kumkaribisha huyo si kazi. Yupo mwingine anayebisha hodi siku ambayo mtoto ana homa, ada haijapatikana na wewe mwenyewe umechoka. Nami nakiri: mlango wa ofisi ya parokia ukigongwa kwa mara ya tano saa nane mchana, sauti yangu ya kuitikia hubadilika. Basi leo tumwangalie mwanamke Mwafrika aliyepokea watu mlangoni kwa miaka mingi, ingawa alitendewa mabaya sana na watu asiowajua.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 kijijini Olgossa, Darfur, nchini Sudan. Alipokuwa bado mtoto mdogo, siku moja akiwa matembezini na rafiki yake, walikutana na wanaume wawili wageni. Mmoja akamwomba msaada: aingie kichakani amletee mzigo aliousahau. Mtoto alikuwa amezoea kuwatii wakubwa, akaenda. Huko akatishiwa kwa kisu, akachukuliwa. Tazameni alivyotekwa: kwa kuombwa atende wema. Walipomuuliza jina hakuweza kutamka neno kwa hofu, nao wakampa la kwao, Bakhita, neno la Kiarabu lenye asili moja na bahati yetu. Jina alilopewa na wazazi wake hakulikumbuka tena mpaka anakufa.

Baadaye yeye na msichana mwenzake walitoroka, wakakimbia porini usiku. Wakakutana na mtu aliyewahoji wanakwenda wapi, akawapeleka kwake, akawapa chakula na maji. Kisha akawafunga minyororo katika zizi la kondoo, hadi alipopita mfanyabiashara wa watumwa akawauza. Mimi naona kisa hiki ni kichungu kuliko hata kile cha kichakani. Mtoto aliyekwisha kudanganywa mara moja alipewa chakula, akaamini tena.

Aliuzwa mara kadhaa, El Obeid na Khartoum. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Waturuki alichanjwa chale 114 kwa wembe, na vidonda vikatiwa chumvi ili makovu yabaki. Mwaka 1883 alinunuliwa na Callisto Legnani, mwakilishi wa serikali ya Italia mjini Khartoum, na kwa mara ya kwanza tangu atekwe akaona kwamba anaweza kutumwa kazi bila mjeledi. Alishangaa. Alimsihi bwana huyo aende naye Italia, akafika mwaka 1885, akawa yaya katika familia nyingine.

Familia hiyo ilimwacha kwa muda Venice, kwa masista Wakanosa, pamoja na mtoto aliyemlea. Ndipo akasikia habari za Bwana mwingine, tofauti na mabwana wote waliomnunua, ambaye yeye mwenyewe alipigwa mijeledi. Mama mwajiri aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa, ingawa alimpenda sana mtoto yule. Shauri likafika mbele ya serikali, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kuwa yeye ni mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaweka nadhiri zake mwaka 1896.

Kuanzia mwaka 1902 aliishi Schio, mji wa kaskazini mwa Italia. Alipika, alishona, alitunza sakristia, na kwa miaka mingi alikuwa bawabu. Kazi hii tunaidharau. Lakini mwenye shida hukutana kwanza na bawabu kabla ya kumwona mkubwa wa nyumba, na mara nyingi uso wa bawabu ndio anaoukumbuka. Mlangoni pa Bakhita walipita maskini, wanafunzi, na mama wenye wana vitani. Alizoea kuweka mkono wake juu ya vichwa vya watoto waliokuja shuleni. Wapo walioshtushwa na rangi yake, kwa kuwa hawakuwa wamewahi kumwona mtu mweusi. Aliwapokea kwa upole na utani mpaka wakazoea, na mji mzima ukamwita Mama Mweusi. Vita viwili vya dunia vilimkuta hapo.

Alisema kwamba kama angekutana na waliomteka angepiga magoti na kubusu mikono yao, kwa kuwa bila wao asingemjua Kristo. Tusiyageuze maneno hayo kuwa utetezi wa utumwa. Dhambi ya watu wale ilibaki dhambi. Yeye alikuwa akieleza tu kwamba hana deni la kumdai mtu, na asiye na deni la kudai humpokea mgeni bila kumlipisha makosa ya mgeni aliyetangulia. Mathayo sura ya 25 imemweka mgeni pamoja na mwenye njaa na mfungwa. Bakhita alikuwa amekwisha kuwa wote watatu.

Katika ugonjwa wake wa mwisho, akili ilimrudisha utumwani. Alimwomba sista aliyemuuguza amlegezee minyororo, kwani ilikuwa mizito. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Habari zilipoenea, watu wa Schio walimiminika kwenye nyumba ya masista, wakaingia kwa mlango uleule aliokuwa akiwafungulia.