Burkitt, daktari wa jicho moja aliyepima choo Uganda

Kama umewahi kusikia jina Burkitt, pengine ni ile saratani ya taya inayowapata watoto. Lakini ana kazi nyingine inayokuhusu zaidi, wewe wa chipsi kila Ijumaa.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka wa 1911. Akiwa na miaka 11, jiwe lilivunja miwani yake, jicho moja likaenda. Alipoomba udaktari makoloni, ombi likakataliwa sababu ya jicho hilo. Vita vya Pili vya Dunia vikamleta Kenya akiwa daktari wa jeshi, na mwaka wa 1946 akapata kazi Uganda: Lira kwanza, kisha Mulago, Kampala.

Miaka yote hiyo ya upasuaji, saratani ya utumbo mpana aliiona kwa nadra sana. Kwao Uingereza ilikuwa ya kawaida. Mbona? Wakosoaji walisema wanavijiji wengi hawafiki hospitalini, na wachache huzeeka. Hawakukosea kabisa.

Jamaa akaamua kupima choo. Naam, choo! Mwaka wa 1972 yeye na wenzake walichapisha hesabu: chakula cha mwanakijiji wa Uganda kilipita tumboni kwa saa 36 hivi, na choo chake cha siku kikakaribia nusu kilo. Cha wanamaji wa Uingereza kilichukua zaidi ya saa 80, na choo kilikuwa gramu 100 na ushee. Tofauti, alisema, ni nyuzinyuzi: choo kikikawia, sumu hugusa utumbo muda mrefu.

Hapo aliona nusu tu. Bakteria wa tumboni huchachusha nyuzinyuzi na kutoa butireti, ambayo seli za utumbo mpana huichoma kama mafuta ya jiko. Seli ya saratani hubadilisha lishe, ikapenda sukari. Butireti isiyochomwa hurundikana ndani yake na kuzima protini fulani zinazofunga jeni, seli ikaacha kugawanyika. Hayo yameonekana maabarani. Kwa watu mambo hayajanyooka hivyo. Majaribio mawili ya Marekani, mwaka wa 2000, yaliwaongezea watu nyuzinyuzi kwa miaka michache na vinyama vinavyotangulia saratani havikupungua.

Maelezo ya butireti na sukari yalichapishwa mwaka wa 2012. Burkitt alikuwa amefariki mwaka wa 1993, bado akihubiri mkate wa ngano isiyokobolewa.