Mmishonari wa Tumutumu aliyebadilisha jina la tohara ya wasichana

KILIMA cha Tumutumu, karibu na mji wa Karatina katika Kaunti ya Nyeri, kinajulikana zaidi kwa hospitali na shule zilizoanzishwa na Kanisa la Uskoti. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika misheni hiyo aliishi mwanamke ambaye uteuzi wake wa neno moja la Kiingereza ungali unasikika katika sheria za nchi.

Marion Scott Stevenson alizaliwa mwaka wa 1871 mjini Forfar, Uskoti. Aliwasili Kenya mwaka wa 1907 na kuanza kazi katika misheni ya Thogoto, karibu na Nairobi. Mwaka wa 1912 alihamia Tumutumu, akafundisha na kushiriki katika tafsiri ya Agano Jipya kwa Kikuyu.

Kazi ya tafsiri humfunza mtu kwamba maneno yanayofanana hayana uzani sawa. Wakikuyu walikuwa na neno moja, irua, kwa wavulana na wasichana. Halikumaanisha kisu pekee, bali pia mafunzo, rika na kuingia utu uzima. Wazungu walilifasiri kwa neno circumcision, linalotumika katika Biblia ya Kiingereza kwa tohara ya wanaume. Msikilizaji aliyekuwa Edinburgh angedhani kwamba msichana alifanyiwa jambo dogo kama la kaka yake. Hakuambiwa kuhusu kiungo kilichoondolewa, kuvuja damu wala hatari wakati wa kujifungua.

Stevenson aliliacha neno hilo, akashika mutilation, yaani kukata mwili na kuuharibu. Mwaka wa 1929 Baraza la Wamishonari la Kenya lilimfuata, likaanza kuuita utaratibu huo uharibifu wa viungo vya uzazi vya wanawake.

Neno la kwanza lilificha jeraha. La pili lilificha sherehe. Kwa mzazi wa Kikuyu, jina hilo jipya lilimhukumu yeye, mama yake na nyanya yake kwa mpigo mmoja. Mwaka huo huo makanisa yaliwataka waumini waape kuuacha utaratibu huo, na maelfu wakahama. Vijana waliimba Muthirigu, nyimbo za kuwakejeli wamishonari na machifu, hadi serikali ikazipiga marufuku mwaka wa 1930. Vuguvugu la shule huru za Wakikuyu likapata nguvu.

Hata Biblia iliingizwa katika mzozo. Agano Jipya la Kikuyu lilimwita Bikira Maria muiritu, neno ambalo kimila ni la msichana aliyekwisha kupitia irua. Watetezi wa mila wakashika hapo hapo. Naye Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka wa 1938, alitumia neno la tatu, clitoridectomy, la kitabibu lisilosifu wala kulaani, huku akiitetea mila yenyewe.

Stevenson hakuyaona hayo yote. Aliondoka Kenya mwaka wa 1929 na kufariki mwaka uliofuata. Kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka wa 1932 kilimwita mtakatifu. Walioimba Muthirigu wasingekubali.

Wala jina kali halikutosha kuimaliza desturi yenyewe. Mwaka wa 1956 baraza la Njuri Ncheke lilipoipiga marufuku huko Meru, wasichana wengi walikaidi kwa kukatana wenyewe.

Hata hivyo, neno lake lilirudi, safari hii kwa vinywa vya Waafrika. Mwaka wa 1990 wanaharakati wa bara hili waliokutana Addis Ababa waliamua kutumia mutilation, na mwaka wa 1991 Shirika la Afya Duniani likauhimiza Umoja wa Mataifa ufanye vivyo hivyo. Nchini Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001 bado ilisema circumcision. Sheria ya mwaka wa 2011, iliyoharamisha kitendo hicho kwa wanawake wa umri wote, ikaandika mutilation.

Kiswahili nacho kimepita njia hiyo hiyo, kutoka tohara ya wanawake hadi ukeketaji. Tofauti ni kwamba mwaka wa 1929 jina lilitolewa na wageni na kupokewa kama tusi. Mwaka wa 2011 lilipitishwa na wabunge wa Kenya wenyewe, wakiwamo mabinti wa jamii zilizokuwa zikikeketa.